Gawio Lililokwama na Daftari Lenye Mapengo

Katika taarifa za mwaka za kampuni nyingi zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa kuna mstari ambao wasomaji wengi huuruka, unaotaja jumla ya magawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, yaliyotangazwa na ambayo hayajalipwa. Mara nyingi mstari huo huambatana na tangazo kwa wanahisa "ambao kumbukumbu zao za utambulisho hazijakamilika", likiwataka wafike kwa msajili wa hisa, ofisi inayoliendesha daftari la wanahisa kwa niaba ya kampuni, wakiwa na kitambulisho, namba ya mlipakodi na maelezo ya akaunti ya benki. Nimesoma matangazo ya aina hiyo kwa miaka mingi, na neno linalonisimamisha kila mara ni hilo dogo la katikati, "zao". Daftari la wanahisa ni mali ya kampuni. Sheria za kampuni karibu kila mahali zinaiagiza kampuni ilifungue, ilitunze na ilihuishe, na mwanahisa hana hata kalamu ya kuliandikia. Pengo likionekana ndani yake, pengo hilo limo kwanza katika kazi ya aliyekabidhiwa kulitunza, hata pale ambapo mwanahisa naye alichangia kwa kuhama bila kutoa taarifa. Neno "zao" linamtwisha mwanahisa pengo hilo, na pamoja nalo gharama ya kuliziba, muda wa kuhangaika na, mwisho wa safari, hasara yenyewe.

Hoja yangu inaanzia hapo kwa sababu ya asili ya gawio. Kabla halijatangazwa, wakurugenzi wana hiari kubwa: wanaweza kubakiza faida ndani ya kampuni, kulipa madeni au kupanua biashara, na mwanahisa hana la kudai isipokuwa kupiga kura mkutanoni. Hali hubadilika mkutano mkuu ukishapitisha gawio la mwisho wa mwaka na siku ya malipo ikafika. Kuanzia hapo gawio ni deni, na mwanahisa ni mdai sawa na muuzaji aliyeleta mzigo akasubiri malipo yake. Hakuna mhasibu anayeweza kumwambia muuzaji kwamba kwa kuwa barua aliyotumiwa ilirudi na namba yake ya simu haipatikani, fedha zake zitakaa kwa mdaiwa bila riba kwa miaka kadhaa kisha zitapelekwa kwingine. Mwanahisa huambiwa hivyo kila siku, tena kwa lugha inayofanya ionekane kwamba yeye ndiye mzembe.

Mapengo haya yana historia, na historia hiyo haimwelekei mwanahisa kama mkosaji. Kwa muda mrefu hisa zilinunuliwa kwa karatasi: mtu alijaza fomu, akaandika jina na sanduku la posta, akalipa, akapewa hati ya hisa. Kampuni au benki iliyopokea fedha haikuhitaji namba ya kitambulisho wala alama ya kidole. Kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, FATF, kilianzishwa mwaka 1989, na masharti ya kumjua mteja kwa undani yaliingia katika sheria za nchi nyingi za Afrika baadaye zaidi. Tanzania ilitunga sheria yake dhidi ya utakatishaji fedha mwaka 2006 na Kenya mwaka 2009. Aliyenunua hisa kabla ya hapo alitimiza kila alichoombwa. Kinachoitwa leo "kumbukumbu zisizokamilika" kilikuwa fomu iliyojazwa vizuri, ikapigwa muhuri na kupokelewa kwa shukrani.

Mauzo makubwa ya hisa kwa umma nayo yaliongeza tatizo kwa namna yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu zaidi ya laki nane wakaomba. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa mbali, hivyo mwombaji wa kawaida wa ndani alipata takriban moja ya tano tu ya alizoomba. Aliyeomba kiwango cha chini cha hisa 2,000 aliishia na mia nne na kidogo. Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa, kwa hiyo mtu huyo alistahili shilingi arobaini hivi kabla ya kodi. Nani apande gari kwenda mjini kubadilisha hundi ya shilingi arobaini? Hundi kama hizo zilibaki kwenye droo, zikapitwa na muda, na daftari likaanza kujaza safu ya wasiolipwa. Malipo ya gawio kwa simu yalikuja kupunguza adha hiyo, lakini kwa yule tu ambaye namba yake ya simu ilikuwa daftarini.

Nigeria ilikuwa na sura nyingine ya jambo hilohilo. Wakati wa homa ya hisa za umma, watu wengi waliomba kwa majina kadhaa, wakipanga upya jina la kwanza na la ukoo au kuongeza jina la mtoto, ili wapate mgao mkubwa zaidi. Benki za nchi hiyo zilipoanza kumpa kila mteja namba moja ya utambulisho kuanzia mwaka 2014, na mdhibiti wa masoko akahimiza magawio yalipwe moja kwa moja kwenye akaunti, majina yale yalikosa mtu wa kuyabeba: aliyeyatumia yupo hai, ana hati zote mkononi, lakini mfumo unamtambua kwa jina moja tu. Hapa nakiri kwamba mwanahisa ana sehemu ya lawama. Hata hivyo, waliopokea fomu nne zenye mwandiko mmoja na sanduku moja la posta hawakuona shida yoyote wakati fedha zilipokuwa zinaingia.

Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, alinunua hisa zake miaka ya tisini kwa makato ya mshahara. Hati aliyonayo ni karatasi nene ya kijani iliyofifia kwenye mikunjo. Ukiitazama kwa makini unaona kwamba kila kinachoihusu kampuni kimekamilika: jina kamili, namba ya usajili, lakiri ya kubonyeza, saini mbili za wakurugenzi, namba ya hati, idadi ya hisa kwa tarakimu na tena kwa maneno. Kinachomhusu mwenye mali ni herufi mbili za mwanzo, jina la ukoo la mumewe ambaye sasa ni marehemu, na sanduku la posta la hospitali aliyofanyia kazi wakati huo. Kitambulisho chake cha taifa kina majina matatu, na la mumewe halimo.

Tulipokwenda pamoja kwenye ofisi ya msajili, kijana aliyetupokea alikuwa mpole na mwenye heshima. Alimwambia, "Mama, mfumo unaonyesha taarifa zako hazijakamilika, kwa hiyo magawio yamezuiwa." Shangazi akafungua bahasha yake, akatoa barua ya miaka michache nyuma ambamo kampuni ileile ilimwalika kununua hisa mpya kwa bei nafuu kama mwanahisa wa siku nyingi, pamoja na stakabadhi ya benki kwamba alilipa. "Mwanangu, hapa walinifahamu," alisema. Kijana hakuwa na jibu, na sidhani ilikuwa kazi yake kuwa nalo. Alitupatia orodha: nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa na wakili, hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, cheti cha ndoa, barua ya benki, picha mbili. Tulivileta vyote. Fomu ikarudishwa kwa sababu saini haikufanana na ile ya awali, saini ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ikilinganishwa na ya mwanamke wa zaidi ya sabini ambaye mkono wake sasa unatetemeka. Tulipojumlisha ada ya wakili, nauli na siku zilizopotea, gharama ilikuwa imeshapita magawio ya miaka kadhaa.

Kisa cha shangazi hakinifanyi nidharau uhakiki wa utambulisho. Hisa zilizolala ni kishawishi kikubwa kwa wezi, na wezi hao wakati mwingine wamo ndani ya ofisi zinazozitunza, kwa sababu wao ndio wanaojua ni mstari upi haujaguswa kwa miaka kumi na nani hatauliza. Hati bandia, wasimamizi wa mirathi wa uongo na akaunti za benki zilizobadilishwa usiku mmoja kabla ya malipo ni hatari za kweli, na mwanahisa mzee ndiye anayeumizwa kwanza nazo. Ninataka msajili aulize maswali. Ninachokataa ni kuchanganya mambo mawili ambayo sheria ilipaswa kuyatenga kabisa: kusubiri kulipa mpaka mtu athibitike, na kuhesabu kwamba mtu huyo ameitelekeza mali yake. La kwanza ni tahadhari ambayo hata mwanahisa mwenyewe angeiomba. La pili ni hukumu, na hukumu hiyo hutolewa bila mshitakiwa kuitwa.

India imepita katika njia hiyo kwa namna inayofundisha. Mwezi Novemba 2021 mdhibiti wa masoko ya mitaji, SEBI, aliagiza kwamba wanahisa wanaoshikilia hati za karatasi walete namba ya mlipakodi, anwani, simu, akaunti ya benki, mfano wa saini na jina la mrithi waliyemteua, na kwamba hisa za ambao hawatakamilisha zigandishwe. Tarehe ya mwisho ikasogezwa, na Novemba 2023 SEBI ikaliondoa kabisa agizo la kugandisha. Kilichobaki ni sharti jepesi zaidi, kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 mwanahisa wa karatasi ambaye taarifa zake hazijakamilika halipwi gawio mpaka azikamilishe, kisha alipwe kwa njia ya kielektroniki. Kugandisha mali ya watu kwa kosa la fomu ni adhabu isiyolingana na kosa, na mdhibiti akarudi nyuma. Naliheshimu hilo.

Lakini hapohapo India kuna saa nyingine inayoendelea kuhesabu. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, gawio lisilolipwa ndani ya siku 30 huhamishiwa kwenye akaunti maalumu, na likikaa miaka saba bila kudaiwa hupelekwa kwenye mfuko wa serikali wa kulinda wawekezaji. Hisa zenyewe, zikikosa gawio lililolipwa au kudaiwa kwa miaka saba mfululizo, nazo huhamishwa, na haki ya kupiga kura juu yake husimamishwa mpaka mwenyewe ajitokeze. Sasa yaweke masharti haya mawili pamoja. Sharti la kwanza linazuia gawio kwa sababu kumbukumbu zina upungufu, na la pili linahesabu miaka ambayo gawio halikulipwa kama dalili kwamba mwenye hisa hayupo. Mtu anaweza kuwa hai, anajulikana anapoishi, amepeleka fomu mara tatu zikarudishwa mara tatu, huku saa ikihesabu ukimya ambao si wake.

Muda wa saa hiyo hutofautiana sana, na tofauti hizo zinaonyesha kwamba hakuna kanuni ya haki iliyojificha nyuma ya namba. Sheria ya Kenya ya mali ya kifedha isiyodaiwa, ya mwaka 2011, inalihesabu gawio kuwa limetelekezwa baada ya miaka mitatu na kuitaka kampuni ilikabidhi kwa mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo, ambako mwenyewe anaweza kulidai. Katiba za kampuni za Uingereza kwa kawaida hutoa miaka kumi na miwili, baada ya hapo mwanahisa hupoteza haki na fedha hurudi kwa kampuni. Nigeria, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, ilichagua miaka sita kwa kampuni zilizoorodheshwa, fedha ziende kwenye mfuko wa serikali na zihesabiwe kuwa deni ambalo serikali inadaiwa na mwanahisa. Kati ya mipango hii mitatu, ule wa Uingereza ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu unamlipa mdaiwa kwa kushindwa kumpata mdai. Mpango wa mfuko wa serikali una afadhali kwa kuwa haki inabaki hai. Hata hivyo, haki iliyohamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine haiwi rahisi kudaiwa kwa sababu tu imepata mlinzi mpya.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa thamani ya mstari mmoja katika daftari unatoka Marekani. Huko kila jimbo lina sheria yake ya mali isiyodaiwa, na majimbo yaligombana juu ya nani achukue fedha za nani. Mwaka 1965, katika shauri la Texas dhidi ya New Jersey, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mali iende kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mdai inayoonekana katika vitabu vya mdaiwa, na kama vitabu havina anwani, iende kwenye jimbo ambalo kampuni ilisajiliwa. Kampuni nyingi kubwa za Marekani zimesajiliwa Delaware, jimbo dogo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na mali isiyodaiwa. Anwani ikikosekana, kuna anayenufaika. Sisemi kwamba mtu alifuta anwani kwa makusudi. Nasema kwamba pale ambapo pengo katika daftari lina faida kwa mmoja na hasara kwa mwingine, hatuwezi kumwachia anayepata hasara peke yake kazi ya kuliziba.

Faida hiyo hata haihitaji kusubiri miaka ya sheria. Fedha zilizotengwa kwa magawio hukaa benki zikizaa riba, na katika mipango mingi riba hiyo si ya mwanahisa. Sheria ya India inaitoza kampuni riba ya asilimia 12 kwa mwaka ikichelewa kuzihamishia kwenye akaunti maalumu, na riba hiyo huwanufaisha wanahisa wenyewe kwa kadiri ya wanachodai. Ningependa kanuni hiyo ipanuliwe ifike hadi mwisho wa njia: kila mwezi ambao gawio linazuiwa kwa sababu ya utambulisho, riba ihesabiwe kwa jina la mwanahisa. Kampuni ambayo haipati chochote kwa kuchelewa itagundua haraka kwamba fomu yenye kurasa nane inaweza kuwa na kurasa mbili.

Mzigo wa kutafuta nao uhamie kwa mwenye daftari. Katika nchi ambayo laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho na akaunti ya benki haifunguliwi bila kitambulisho, mtu huyohuyo ameshahakikiwa mara mbili kabla hajafika kwa msajili wa hisa, na kuna njia halali ya kuuliza, kwa idhini yake, kama jina na namba vinalingana. Makato ya mshahara yaliyonunulia hisa yana mwajiri mwenye kumbukumbu. Kampuni inayotaka gawio lihesabiwe kuwa limetelekezwa ilazimike kwanza kuonyesha kwa maandishi ilichofanya kumpata mwenyewe: barua ngapi, simu ngapi, na kama iliwahi kutuma mtu. Tangazo moja kwenye gazeti ambalo mwanahisa wa kijijini halioni lisitoshe kuitwa utafutaji. Kwa kiasi kidogo, mathalani gawio lisilofikia gharama ya kiapo na wakili, kitambulisho na mashahidi wawili wanaofahamika vitoshe, kwa sababu sharti lenye gharama kubwa kuliko haki inayodaiwa ni njia nyingine ya kuikataa haki hiyo.

Wajane na yatima wana tatizo lao ambalo sheria za hisa hulipita haraka. Mwanahisa akifariki, familia huenda haijui hata kwamba hisa zipo, na ikijua inaambiwa ipate barua ya usimamizi wa mirathi, ambayo mahakamani huchukua miezi au miaka, tena kwa jina la marehemu kama lilivyoandikwa kwenye hati na si kama lilivyo kwenye cheti cha kifo. Abdalla wa hati akawa Abdallah wa cheti, na herufi moja ikasimamisha mirathi nzima. Sharti la India la kumtaka mwanahisa ataje mrithi mapema, akiwa hai, lililaumiwa kama usumbufu, na mimi pia nililiona hivyo mwanzoni. Baada ya kukaa na shangazi kwenye benchi la ofisi ile, pembeni ya vijana wawili waliobeba hati za baba yao kwenye mfuko wa plastiki, nimebadili mawazo. Swali hilo liulizwe siku ya kununua, na liulizwe tena kila mwaka pamoja na mwaliko wa mkutano mkuu.

Yapo ambayo mwanahisa mwenyewe anaweza kuyafanya, nayo ni mepesi: kulinganisha jina la hati na la kitambulisho, kubadilisha anwani anapohama, kuwaambia watoto bahasha iko wapi. Kwenye mkutano mkuu, badala ya kuuliza tu gawio ni kiasi gani, aulize ni kiasi gani cha gawio la mwaka jana hakikulipwa, na kati ya hicho ni kiasi gani kilizuiwa kwa sababu ya anwani, kiasi gani kwa sababu ya kitambulisho na kiasi gani kwa sababu ya kifo. Kampuni ina majibu hayo kwenye kompyuta ya msajili, kwa sababu kila malipo yaliyorudi yana sababu yake iliyoandikwa. Jumla moja isiyochambuliwa haimsaidii mkaguzi, mdhibiti wala mbunge kujua ni sheria ipi ibadilishwe.

Shangazi hatimaye alilipwa magawio ya miaka mitatu ya karibuni. Ya kabla ya hapo ameambiwa yamekwisha kukabidhiwa serikalini, na fomu ya kuyadai huko, ambayo nimemjazia juzi, inamtaka kwanza alete barua kutoka kwa kampuni inayothibitisha kwamba yeye ndiye aliyeandikwa katika daftari.